Kichupa Namba Arobaini na Nne

"Kitendawili," simu ilisema.

Elvina Bongtas aliacha kutafuna. Alikuwa sokoni Port Vila, meza ya tatu kutoka ukutani, ile inayokuonyesha milango yote miwili. Mkononi alikuwa na kipande cha tuluk, andazi la muhogo lenye nyama, mafuta ya nguruwe yakimchuruzika mpaka kwenye saa yake ya Casio.

"Tega."

"Nyumba ni ile ile. Wapangaji wote wamebadilika. Lakini ukibisha hodi, unajibiwa kwa maneno yale yale ya zamani."

Mama Leimara, mkuu wa Chumba cha Saba, kikosi cha siri cha serikali, alikuwa na vitendawili mia na zaidi, na kila kimoja kilikuwa amri. Hiki alikuwa hajawahi kukitega tangu Elvina aapishwe.

"Ni sisi," Elvina alijibu taratibu. "Damu imebadilika, lugha imebaki."

"Umepata, mwanangu. Vichupa vimeibwa."

Tuluk ilianguka mezani.

"Vyote?"

"Mia tatu na kumi. Na kanda za sauti. Mlinzi wa zamu ndiye aliyefungua mlango. Mlinzi mwenyewe ni..." Mama Leimara alisita. Alijua mila za Ambrym, kisiwa cha kwao Elvina. "Ni yule ambaye wewe hutaji jina lake."

Kaka yake.

Elvina alikuwa ameshasimama.

*

Hebu tulielewe jambo hili kwanza, ndipo tukimbizane.

Miaka tisa nyuma profesa mmoja alifika visiwani na swali moja: watu hawa walitoka wapi, na lugha zao zilitoka wapi? Alikusanya mate ili aisome damu, akarekodi hadithi ili aisome lugha. Jibu lilipotoka, liliwashangaza wengi. Watu wa kwanza walifika na mitumbwi yao, wakaja na lugha yao. Baadaye wakafika wengine, mtumbwi mmoja leo, mwingine mwaka ujao, karne kwa karne. Wakaoana na wenyeji, mpaka damu ikawa karibu yote ya hao waliokuja nyuma. Lakini lugha haikuondoka. Kila aliyefika alifundishwa kusema, akasema.

Sasa, kupata hadithi Ambrym ni rahisi. Wape chai tu. Mate ndiyo shida. Mtu wa Ambrym haachi mate yake ovyo. Ganda la ndizi alilouma analifukia, kucha anazichoma, na akitema anatema baharini, kwa sababu mwenye mate yako ana roho yako kiganjani. Nani angewashawishi wazee wa Lonmel, kijiji cha huko, wateme kwenye vichupa vya mgeni?

Elvina.

Alienda mlango kwa mlango. Alitema wa kwanza, mbele ya wote. Akaapa kwamba mate yatalala salama Port Vila, na kazi ikiisha yatarudi nyumbani yote, tone kwa tone. Bibi yake alicheka, akatema, akapewa namba arobaini na nne.

Miezi mitatu baadaye bibi alikufa. Lonmel hawakusema kitu. Walimtazama tu Elvina akiingia msibani, wakampisha.

Na kuna jambo ambalo hata msibani hakulisema, kwa kuwa alikuwa hajalijua bado. Miaka saba iliyopita alisoma ripoti ya maabara, ukurasa wa mwisho, herufi ndogo. Namba arobaini na nne: sampuli imetumika yote.

Kichupa cha bibi kilikuwa kitupu.

Hakumwambia mtu.

*

Ndege ndogo ya Twin Otter ilitua kwenye uwanja wa nyasi wa Craig Cove, Ambrym, saa nne asubuhi. Elvina alishuka na mkoba mmoja. Nyuma yake alishuka Kalmet, mtu wa kisiwa cha Efate, miaka hamsini na miwili, tumbo kubwa, mpiga shabaha bora kuliko wote wa Chumba cha Saba na mlalamishi bora pia.

"Ningejua ni Ambrym ningekula kabla ya kupanda," alinung'unika. "Huku nikiacha mfupa kwenye sahani nitarogwa."

"Basi umeze na mfupa, mzee."

Redio ya upepo ilikwaruza, ikimwita Elvina kwa jina lake la kazi. Mama Leimara.

"Mwewe, mko nchi kavu?"

"Tuko. Meli aliyopanda?"

"Imetia nanga bandarini kwenu dakika ishirini zilizopita. Mlinzi ameshusha kasha la barafu la samaki. Ana boti ya kukodi, anazunguka rasi, atapita Lonmel kuchukua mafuta. Yoti inamsubiri nje, maili tatu. *Meridia*. Mwenyewe anaitwa Pryce."

"Pryce anataka nini na mate ya wazee?"

"Anataka mteremko wote wa Lonmel. Kuna wenye mitambo ya umeme wa mvuke wa volkano nyuma yake. Atakwenda mahakamani na vichupa mkono mmoja, kanda mkono mwingine. Atasema: lugha hii ni ya watu wengine, damu hii imefika nyuma. Hawa ni wageni. Hawana ardhi."

Kalmet alipiga mluzi.

"Tumkamate mlinzi hapa hapa basi," akasema. "Yaishe."

"Ukimkamata mlinzi, Pryce anang'oa nanga, na mwakani anarudi na mlinzi mwingine," redio ilisema. "Nataka mkono wake juu ya kasha, ndani ya maji yetu. Mkono wake mwenyewe. Mwewe, angalia mfuko wa chini wa mkoba."

Elvina alifungua. Vichupa ishirini na vinne, vipya, kila kimoja na alama zake za mashine, sawasawa na vile vya juu kwenye kasha la kweli.

"Pryce ana kifaa cha kusoma alama, na ana karatasi za kupimia," Mama Leimara alisema. "Hatanunua maji ya bomba. Mnanielewa?"

Walimwelewa.

Kalmet alijifuta jasho. "Na mlinzi? Nani atamwambia abebe kasha la uongo?"

Elvina alikuwa akiangalia barabara ya majivu ya volkano iendayo Lonmel.

Tangu alipotimiza miaka kumi na miwili hakuwa amesema na kaka yake hata neno. Ndivyo mila ya kwao ilivyo. Dada aliyekua hasemi na kaka, hamwiti jina, na akipita mbele yake anapita ameinama. Wenye shida hutumia mtu wa kati. Na walipokuwa watoto, kabla hata hawajajua maana ya mwiko huo, bibi yao aliwafundisha njia nyingine.

*

Mchanga wa Lonmel ni mweusi, laini, unashika alama kama unga.

Elvina alipiga magoti penye njia itokayo kwenye pipa la mafuta. Akasawazisha mchanga kwa kiganja. Akachora mistari ya kusimama na ya kulala. Kisha akaweka kidole kimoja chini na kuanza kuzungusha, hakiinuki, hakisimami, kikienda na kurudi na kujipita chenyewe.

Kasa mwenye mayai. Anataka pwani ya kwao akatage. Papa anamwambia, nifuate, naijua njia. Kasa anamfuata, anaona pango, anadhani ni nyumbani. Kumbe ni mdomo.

Mchoro huo ulikuwa wa bibi. Mmoja alianza, mwingine alimaliza. Aliyeanza aliacha mstari wa mwisho wazi, ule unaoufunga mdomo wa papa au kuufungua, na mwenzake akipita aliumalizia. Maana yake: nimekusikia.

Elvina aliinua kidole kabla ya mstari wa mwisho.

Kisha akajificha nyuma ya majani pamoja na Kalmet, mkono kwenye bastola yake ya Glock.

Injini ya boti, Yamaha, ilisikika. Ikazima.

Kaka yake alikuja na dumu mkononi. Mvi zilikuwa zimemwingia. Zilimwingia lini?

Aliuona mchoro. Akasimama.

Akaweka dumu chini. Akaketi mbele ya kasa kama mtu aketivyo mbele ya maiti, na hakuumalizia.

"Nani yuko na dada huyo?" aliuliza, macho kwenye mchanga.

Elvina alimsukuma Kalmet.

"Mimi?" Kalmet alinong'ona. "Nimwambie nini?"

"Mwambie watu wa yoti hawatampa chochote walichomwahidi. Watachukua kasha na kumtupa baharini."

Kalmet alitoka, akajikohoza. "Ndugu, shikamoo. Dada yako anasema..."

"Nimemsikia. Sina uziwi. Mwambie kwamba Pryce aliahidi akishavikagua vichupa atanipa hati ya kuviachia, nivilete nyumbani nisifungwe. Mwambie mimi sijaiba. Mimi narudisha nyumbani. Yeye ndiye aliyeahidi kurudisha."

Kalmet aligeuka. "Anasema..."

"Nimesikia," Elvina alisema.

"Mungu wangu, mko hatua tatu! Mimi ni ukuta hapa?"

"Mwambie," kaka aliendelea, "kwamba bibi, siku tatu kabla hajakata roho, aliniuliza: mate yangu yako wapi? Nikamwambia yako Vila, yako kwenye baridi. Akasema, basi huku nasikia baridi. Mwambie hivyo hivyo. Miaka tisa nimebeba hilo neno, sina wa kumpa kwa sababu wa kumpa ni yeye, na siruhusiwi."

Kalmet hakugeuka safari hii. Aliangalia viatu vyake.



"Mwambie ana haki," Elvina alisema. "Mwambie nahitaji abebe kasha la uongo. Mate ya kweli yabaki hapa Lonmel, ardhini kwao. Nitakuwa ndani ya boti, chini ya turubai. Hatakuwa peke yake."

Kaka alifikiri. Upepo ulileta harufu ya kiberiti kutoka mlima wa volkano.

"Namba arobaini na nne," akasema. "Kwanza nikione kichupa chake. Halafu nitabeba chochote."

Hapo, wasomaji wangu, ndipo palipokuwa na mlango. Angeweza kusema. Neno moja: kitupu. Lakini nje kule yoti ilikuwa inasubiri, na mteremko wa watu mia nne ulikuwa unasubiri, na kazi ilikuwa inasubiri.

"Mwambie muda hakuna," Elvina alisema. "Atakiona jioni."

Kaka aliamini.

*

Walihamisha trei za kweli na kanda kwenye magunia mawili ya taro, wakayafunika kwa majani ya ndizi kivulini. Kwenye kasha waliweka mawe na barafu, na juu trei moja: vichupa ishirini na vinne vikavu.

Elvina alianza. Alitema, akafunga. Akatema, akafunga. Kichupa cha nane kinywa kilikauka kama jivu. Alitafuna muwa, akafikisha kumi.

Kalmet alijaza sita. "Haya, Pryce," alisema akipangusa midevu, "ukisoma damu hii utaona pilau ya jana."

Vikabaki vinane.

Elvina hakuweza kuomba. Safari hii hakuweza kabisa. Aliwahi kuwaomba watu wake mara moja, na ilitosha kwa maisha yake yote.

Mkono wa kaka uliingia kwenye trei.

Alikishika kichupa kama mtu anayeshika nyoka. Jasho lilimtoka kwenye paji. Mtu wa Lonmel, aliyefukia kila ganda alilouma tangu apate meno, akatema ndani ya chupa atakayoipeleka mwenyewe kwa adui.

"Mwambie," akasema, akifunga kifuniko, "nafanya kwa ajili ya kile cha bibi."

Alitema mara nane.

Elvina aliingia chini ya turubai ya boti haraka, ili asionekane uso, na Kalmet akaenda kupanda boti ya doria iliyofichwa nyuma ya rasi.

*

*Meridia* ilikuwa nyeupe, ndefu, na bendera ya nchi isiyo na bahari.

"Umechelewa," sauti ya juu ilisema.

"Foleni ya mafuta, bosi."

Chini ya turubai Elvina alihesabu nyayo. Mbili nzito za baunsa wa yoti. Mbili nyepesi, viatu vya ngozi. Pryce. Kasha likapandishwa. Kifaa kikalia: *ti*. *Ti*. *Ti*. Kichupa baada ya kichupa.

Alibonyeza redio mara mbili. Nyuma ya rasi, kwenye boti ya doria, Kalmet alijibu kwa kubonyeza mara moja.

"Mate safi," Pryce alisema, akichovya karatasi yake. "Unajua ulichonibebea, rafiki? Ushahidi. Wenzako wanasema lugha ya kuazima na damu ya wapitaji. Hakimu atapenda."

"Bibi yangu aliulizwa hilo," kaka alisema.

"Ehee? Akajibu nini?"

"Alimuuliza profesa: mama yako aliyekufundisha kusema, ulimpima damu kwanza?"

Elvina alifumba macho. Alikuwepo siku hiyo. Alicheka na wote.

Pryce naye alicheka, kicheko kifupi. "Sasa nitie saini risiti ya usafirishaji, kisha tuachane." Kalamu ikaparuza. Kiganja kikapiga kifuniko cha kasha. "Limeshakuwa langu."

Mkono juu ya kasha. Sauti yote ilikuwa kwenye kinasa.

"Dirk," Pryce aliongeza bila kupandisha sauti. "Msindikize rafiki yetu. Kwenye maji marefu."

Kitu cha chuma kilifanya *klik*.

Elvina aliitupa turubai. Jua lilimpiga machoni. Dirk alikuwa ameshashuka botini, bastola nje, mdomo wake kwenye kisogo cha mtu mmoja tu duniani ambaye hakuruhusiwa kumwita.

"Lala!"

Kaka alilala.

Glock ililia mara moja. Bastola ya Dirk iliruka baharini, na vidole viwili vikabaki vinavuja damu. Kaka alinyanyuka na kasia, akampiga magotini. *Pu!* Dirk akafuata bastola yake majini.

Pryce aliruka kwenye usukani. Injini zikanguruma. Lakini boti ya doria ilikuwa imeshatokeza rasini, na Kalmet alikuwa amesimama mbele yake, kipaza sauti mkononi.

"Meridia! Zima mashine! Nimetema mate yangu kwa ajili yako, usinifanye nikimbie tena!"

Mashine zikazimwa.

Elvina alipanda yoti, akamfunga Pryce pingu. Mtu huyo alitazama ndani ya kasha, akainua trei, akaona mawe.

"Mate haya ni ya nani?" aliuliza.

"Ya wageni," Elvina alisema. "Wamefika nyuma kidogo."

Akavimimina vyote ishirini na vinne baharini, mpaka tone la mwisho. Chumvi inaua uchawi wowote. Huo mzigo, angalau, aliweza kuushusha.

*

Alasiri iliwakuta Lonmel. Wazee walikuwa wameshuka ufukweni. Magunia yakafunguliwa. Kila nyumba ikapewa vichupa vyake, na watu wakavipokea kwa mikono miwili, wengine wakilia, wengine wakiviangalia tu kwenye mwanga.

Kaka alikuwa amekaa chini, akipanga trei yake. Arobaini na mbili. Arobaini na tatu.

Akakwama hapo.

Alikiinua. Akakitikisa. Akakiweka mbele ya jua.

"Kimemwagika?" alimuuliza Kalmet.

Kalmet alimgeukia Elvina. "Anauliza..."

"Mwambie hakikumwagika. Kilitumika chote maabara."

"Anasema kilitumika..."

"Mwambie nilijua," Elvina alisema. "Mwambie nimejua miaka saba. Nilijua asubuhi aliponiuliza."

Mara hii Kalmet aliyasema yote, taratibu, neno kwa neno, kama anayebeba kitu cha moto. Ingawa kaka alikuwa ameyasikia.



"Mwambie," kaka alisema, "kwamba leo amesema nami neno moja kwa kinywa chake, na kwa neno hilo niko hai. Faini yake ni nguruwe, wazee watampangia. Hilo tumemaliza." Alikifunga kiganja juu ya kichupa. "Hili jingine mwambie sina neno lake. Sijalipata."

Redio ilikwaruza. "Mwewe? Kazi nzuri, mwanangu. Ndege inaondoka baada ya nusu saa. Una kitendawili cha kunitegea?"

Elvina aliizima.

Alivaa miwani ya jua. Akaning'iniza mkoba begani. Njia ya uwanja wa ndege ilipita penye pipa la mafuta, na pale kasa bado alikuwepo mchangani, mzima, hakuna aliyemkanyaga. Mstari wa mwisho ulikuwa wazi. Mahali ulipotakiwa kufungwa, kaka yake alishatangulia, akawa amekisimamisha kichupa kitupu, namba ikiangalia njia, na yeye ameketi kando yake.

Kidole kimoja tu kingetosha. Lakini haukuwa mstari wake.

Mwanamke ambaye risasi hazijawahi kumwinamisha aliinama mpaka kiunoni, kama dada apitavyo mbele ya kaka, na akaenda hivyo hivyo, bila kugeuka, hata baada ya kuupita ule mti ambapo mila humruhusu mtu kunyooka.